Kumi, Tisa, Nane: Hesabu ya Kuivuka Desemba Roho Ikiwa Imetulia

Desemba ni mwezi mtamu, na atakayeusema vibaya nitamkatalia. Tarehe 9 tunasherehekea Uhuru, tarehe 25 Krismasi, tarehe 26 siku ya kupeana zawadi, na ukoko wa pilau haujang'oka vizuri kwenye sufuria, mkesha wa mwaka mpya huo umebisha hodi. Shule zimefungwa. Foleni za Dar es Salaam zimepungua kwa sababu Wachagga wamepanda mlimani kwao, kama utani wetu wa kila mwaka unavyosema, "kuhesabiwa". Hata duka la Mangi mtaani limefungwa. Ukiishiwa chumvi tarehe 24, omba kwa jirani na umshukuru Mungu kwamba jirani yupo.

Lakini ni mwezi huu huu watu wazima wanalala macho yakitazama dari. Waulize kinachowanyima usingizi, hawatakutajia sikukuu. Watakutajia mchango walioahidi bila kuwa nao, tiketi isiyopatikana, swali la shangazi, ugomvi wa shamba, uchovu walioumeza kimya. Kila moja ni jambo lililopaswa kusemwa mapema, na halikusemwa. Kwa hiyo nasaha yangu ni moja, nimeigawa mara kumi: sema mapema. Tuhesabu kurudi nyuma, kama tunavyofanya usiku wa mkesha.

10. Simu, nipishe nile

Kuna grupu la ukoo, la kamati, la kwaya, la mliosoma pamoja kidato cha nne, na la wazazi wa darasa la pili ambalo hata likizo halijui. Yote yanatuma picha ile ile ya mshumaa na ua jekundu, na wewe unajibu "amina" hadi kidole kinapata ganzi.

Zima sauti za magrupu na utangaze wazi: "Wapendwa, nitasoma ujumbe saa mbili usiku. Mwenye dharura anipigie." Hakuna atakayekufukuza kwenye ukoo. Muda uliobaki mpigie bibi. Bibi hafungui status, ila sauti yako anaitambua kabla hujataja jina.

Na ukiona rafiki kaweka picha akiwa ufukweni Nungwi, mfurahie na uendelee kumenya embe lako. Kaweka picha ya bahari, risiti ya hoteli hakuiweka.

9. Tiketi haiokotwi tarehe 23

Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021, ni kikubwa. Wiki ya Krismasi huonekana kidogo. Wapiga debe wanaita, mabegi yanapita juu ya vichwa, na mtu aliyeamini kwamba "nafasi haikosekani" anaanza kujifunza kukosa.

Njia zipo kwa anayewahi. Tiketi mtandao inakuwezesha kukata ukiwa sebuleni kwako. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, huweka nauli kikomo kwa kila njia, hivyo ijue ya njia yako kabla mlanguzi hajakutajia ya kwake, na ukizidishiwa toa taarifa. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo foleni ya alfajiri si mlango pekee. Wa Morogoro na Dodoma wana treni ya SGR tangu 2024. Wa Moshi nao treni yao ilirudi Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, basi ulizia ratiba yake mapema.

Unayeendesha mwenyewe, kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 550, na barabara haitoi zawadi kwa anayefika wa kwanza. Pumzika Korogwe, nyoosha miguu Same, na usingizi ukikuita, uitikie ukiwa umeegesha.

Kama tarehe 24 haiwezekani, mwambie mama leo: "Nitafika tarehe 27." Atanuna siku moja, kisha ataanza kukuwekea nyama. Mama anayesubiri gari lisilojulikana liko wapi anaumia zaidi kuliko mama aliyeambiwa ukweli.

8. Kamati na kiasi ulichokitaja ukiwa na furaha

Desemba ina harusi, ina send-off, ina kitchen party, ina komunio ya kwanza na kipaimara, na zote zina kamati. Mwenyekiti alikupigia mwezi Septemba, ukiwa umeshiba na jua limetulia, ukasema laki mbili. Sasa mweka hazina anapiga simu, na wewe unaiangalia ikiita hadi inakata yenyewe.

Pokea. Chukua karatasi, andika kila kadi uliyopewa, weka jumla ambayo mfuko wako unaimudu, kisha gawanya. Watu wa karibu wapate zaidi, wa mbali wapate salamu na kidogo. Halafu mpigie mweka hazina kabla hajakupigia: "Ndugu yangu, niliahidi laki mbili. Nina elfu hamsini, naituma sasa hivi." Ataandika, atashukuru, na bajeti yake itakuwa na ukweli ndani yake. Kamati haiangushwi na mtu mwenye kidogo. Inaangushwa na majina ishirini yenye ahadi kubwa na simu zilizozimwa.

Elfu hamsini mkononi inanunua kreti za soda. Laki mbili ya ahadi hainunui hata kizibo.

7. Dada anaondoka, na jiko linatafuta mwenyewe

Mwaka mzima dada wa kazi ameamka kabla ya jogoo. Desemba anasema anataka kwenda kwao Singida, na nyumba nzima inashtuka, kama vile yeye hakuzaliwa na mama.

Aende, na aende na mshahara wake wote mkononi, nauli na kitu cha kumpelekea mama yake. Mpangie tarehe mapema, yeye ajue na wewe ujue. Wengi wanaoondoka bila kurudi Januari waliondoka kwa kuviziana, huyu akihofia kunyimwa ruhusa, yule akichelewesha malipo ili "arudi". Malipo yakicheleweshwa, anayebaki na wasiwasi ni wewe.

Kisha gawaneni kazi, na hapa nazungumza na akina baba na vijana waliokaa sebuleni wakiuliza chakula kitaiva lini. Pilau ya watu kumi na watano ni vitunguu vingi, na vitunguu havichagui jinsia, vinamliza yeyote. Mmoja amenye, mwingine achote maji, watoto wa miaka kumi waoshe vyombo. Mama aliyesimama jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku hakusherehekea Krismasi. Aliihudumia tu.

6. Shangazi na swali lake

"Mwanangu, lini tunakula wali?" "Mbona mmoja tu, huyu mtoto atacheza na nani?" "Umekonda, au mjini mnakula hewa?" Shangazi anauliza mbele ya watu wote, kijiko kikiwa mdomoni mwako ili usikimbie.

Andaa jibu ukiwa bado safarini, liwe fupi na la heshima. "Shangazi, siku ikifika wewe ndiye utakayeshika kipaza sauti." Akirudia, mpakulie nyama, kwa maana mdomo wenye nyama huuliza polepole. Na kama swali linagusa kidonda kweli, mwambie mapema mtu mmoja wa nyumbani, awe dada yako au binamu, ili mazungumzo yakielekea huko ayageuze.

Sasa nigeukie upande wa pili. Shangazi zangu, mama zangu wadogo, wajomba: nyuma ya swali la mtoto huenda kuna mimba iliyotoka mwezi uliopita. Nyuma ya swali la kazi kuna kijana aliyepeleka barua hadi bahasha zikaisha. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba anasubiri matokeo ya Januari tumbo likiwa moto, na kumlinganisha na mtoto wa jirani hakumwongezei hata alama moja. Muulizeni, "Unalala vizuri siku hizi?" Swali hilo halijawahi kumharibia mtu Krismasi.

5. Mwili hausomi kalenda

Mwili haujui kwamba ni sikukuu. Ukiwa na hofu, unamwaga adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Kwa dakika chache hiyo ni kinga nzuri. Ikikaa wiki tatu, usingizi unaharibika, presha inapanda na mtu anagombana na mlango kwa kuwa umefunguka.

Msaada wake ni wa kawaida na hauna bei. Lala walau saa saba. Tembea, na kama uko Marangu au Kibosho, milima yenyewe itakulazimisha. Ukiona hasira inapanda, vuta pumzi taratibu kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo.

Wenye presha na kisukari, bebeni dawa za kutosha safari nzima na siku za ziada, maana duka la dawa halipo kila kona ya kijiji na mwenye duka naye kaenda kwao. Msiache dozi eti "nitaanza tena Januari". Ugonjwa haukuchukua likizo.

Na mbege? Ni kinywaji cha heshima cha ndizi na ulezi, na kibuyu hupokelewa kwa mikono miwili. Pokea, onja, shukuru. Pombe nyingi humpa mtu usingizi wa haraka, kisha humkatizia usiku na kumwamsha akiwa amechoka zaidi. Ndafu nayo ni mbuzi mzima, ila hakuna aliyesema awe wa mtu mmoja.

4. Kausha damu na Januari ya wiki tano

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Chukua mshahara unaotoka mapema kwa ajili ya sikukuu, tuseme tarehe 20 Desemba. Unaofuata ukija tarehe 25 Januari, katikati kuna siku 36. Ndani ya siku hizo kuna Krismasi, mwaka mpya, nauli ya kwenda na kurudi, kodi ya nyumba, sare, madaftari na viatu. Serikali iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini mguu wa mtoto unakua bila kuuliza sera. Wa shule binafsi, muhula wa kwanza unawasubiri getini.

Basi gawanya fedha ya Desemba siku ile ile inapoingia. Fungu la kwanza liwe la Januari. Lihamishe mahali pasipo karibu na kidole chako, au nunua kabisa madaftari, sare na gunia la mchele. Mkivunja kikoba na kugawana, mtoto apate ada yake kabla mbuzi hajapata kamba. Kinachobaki ndicho cha sikukuu, hata kikiwa kuku mmoja na mchuzi mrefu.

Usikope ili uonekane. Mikopo ya kausha damu imepewa jina na walioichukua, nao wanajua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni wana tabia ya kupigia watu walio kwenye simu yako na kukutangaza. Fikiria Januari 10 mchungaji wako anapigiwa akiambiwa deni la viatu ulivyovaa kanisani Krismasi. Wahenga walishasema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Najua kinachotusukuma. Tunaogopa kufika nyumbani mikono mitupu, mwaka wa biashara mbaya ukaonekana kwenye nguo. Lakini kama kweli tunakwenda kuhesabiwa, hesabu ile ni ya vichwa, haijawahi kuwa ya magari. Mwambie baba, "Mwaka huu mambo yalikuwa magumu, nimekuja na sukari kilo mbili na mimi mwenyewe." Mzee aliyelea watoto sita kwa shamba moja la kahawa anaujua mwaka mgumu. Atakuelewa kuliko unavyodhani.

3. Kihamba, mpaka na ndugu wasiosalimiana

Krismasi inawaleta pamoja watu ambao mwaka mzima walitenganishwa na kilomita mia tano, na kilomita hizo zilikuwa zinafanya kazi nzuri ya upatanishi. Sasa wote wako uani. Suala la mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, linafufuka, la nani alimtibu baba na nani alituma pole ya maneno, la nyumba iliyojengwa pasipoulizwa.

Usilifungue jioni ya tarehe 25, vibuyu vikiwa vimeshazunguka. Nenda kwa mzee wa ukoo mapema, omba kikao cha asubuhi ya tarehe 27 au 28, watu wakiwa wamekunywa chai tu. Kila mmoja aseme bila kukatwa, na mmoja aandike mliyokubaliana. Yasiyomalizika yapangiwe siku, yasirudishwe mezani kwenye chakula.

Wachagga wana isale, mmea wa majani marefu unaopandwa kuonyesha mipaka ya vihamba. Jani la isale hilo hilo ndilo mtu hulibeba anapokwenda kuomba msamaha, na kwa mila kulikataa ni jambo zito sana. Wazee walijua walichokifanya. Mpaka ulipo ndipo ugomvi huota, na dawa yake waliipanda papo hapo.

Kwa hiyo kabla hujabeba kreti, fikiria kubeba jani. Ni jepesi, halimwagiki, na halina chenji.

2. Nafasi ya aliyetangulia, na sahani ya aliye zamu

Kuna nyumba ambazo Krismasi hii ni ya kwanza bila baba, bila mke, bila mtoto. Hapo utani unakaa pembeni kidogo.

Msijilazimishe kuimba. Mtajeni marehemu kwa jina wakati wa kula, simulieni jinsi alivyopenda mtori wake au alivyokuwa akiongoza sala hadi chakula kinapoa. Uchagani wengi huzikwa nyumbani, na asubuhi ya sikukuu familia husafisha kaburi na kuweka maua. Nenda nao, lia kama machozi yapo. Na wewe jirani, usikwepe nyumba ya wafiwa kwa kukosa la kusema. Kaa, kunywa chai, hiyo inatosha.

Kisha kuna walio kazini: nesi wa wodi ya wazazi, mlinzi wa geti, zimamoto, dereva aliyekupeleka wewe kwenu huku yeye hakwenda kwao. Kama ni wewe, panga sikukuu yako tarehe nyingine na uiheshimu kama sikukuu kamili. Tarehe 3 Januari nyama haijapigwa marufuku. Kama ni sisi wengine, tumpelekee mlinzi sahani yenye nyama, isiwe ya mifupa iliyoshindikana.

Na aliyebaki mjini peke yake chumbani, mwiteni. Mtaani kwetu sahani za Krismasi huvuka hadi kwa majirani Waislamu, na za Idi hurudi zikiwa zimejaa zaidi. Sahani inayovuka uchochoro huo iko tayari kuvuka hadi chumba cha mpangaji mpya pia.

1. Sema umezidiwa

Tumefika moja. Yote tisa yaliyopita yanawezekana kwa mtu ambaye bado ana nguvu ya kusema. Hii ni kwa ambaye nguvu hiyo imemwishia.

Uchovu wa sikukuu hupungua ukilala na kula. Lakini kama kwa wiki mbili hulali au hutaki kuamka, chakula hakina ladha, hakuna kinachokufurahisha, au wazo la kwamba afadhali usingekuwepo linakujia, huo si uvivu wala upungufu wa imani. Huenda ni ugonjwa, na unatibika. Mwambie mtu mmoja leo, kisha nendeni hospitali ya wilaya au ya mkoa mkaombe huduma ya afya ya akili. Muhimbili ina wataalamu, Mirembe pale Dodoma ni hospitali ya taifa ya kazi hiyo hiyo. Wazo la kujiua likija, usisubiri sikukuu ipite, nenda siku hiyo hiyo na usiachwe peke yako. Mtoto anayeteswa au anayeona hatari nyumbani anaweza kupiga 116 bila malipo.

Wanaume, nawasemea kwa upendo: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mnaweza kubishana kuhusu Simba na Yanga saa tatu bila kumeza mate, basi mnazo pumzi za kutosha kusema "kaka, siko sawa".

Na ukiambiwa maneno hayo, usijibu "jikaze". Weka simu chini, sogeza kiti, uliza, "Imeanza lini?" Kisha sikiliza hadi mwisho.

Sikukuu ipo kwa ajili ya watu, na mtu mzima wa afya ni zawadi bora kuliko zote zitakazofungwa kwenye karatasi. Basi usingoje tarehe 24. Leo jioni piga simu tatu: mpe mama tarehe halisi ya kufika, mpe mweka hazina kiasi halisi ulichonacho, na mpigie yule rafiki aliyekaa kimya siku nyingi umuulize hali yake. Krismasi njema, na Januari ikukute umesimama.